Maula Jatt na Chozi Lililoachwa Nje ya Filamu

Gandasa ni chombo cha kazi. Ni bapa pana la chuma lenye makali, limefungwa kwenye mpini mrefu wa mti, na kazi yake ya asili ni kukatakata majani ya mifugo. Rafiki yangu mmoja Mpunjabi, dereva wa lori ambaye tumefanya kazi pamoja miaka mingi hapa Sharjah, Falme za Kiarabu, alikulia kijiji cha upande wa Gujranwala. Ndiye aliyenionyesha kwa mikono jinsi baba yake alivyokuwa akiishika: mkono mmoja juu, mwingine chini, mabua yamelazwa kwenye gogo, nyati wa maziwa wanasubiri chakula cha asubuhi. Kisha akaipandisha mikono ileile juu ya bega, akatanua miguu, akapiga ukelele mmoja mrefu uliowafanya mafundi wa gereji ya pili wageuke. Wakaitikia kwa vifijo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa anaigizwa nani.

Ni Maula Jatt. Kama hujawahi kumsikia, fahamu kwamba kwa Mpakistani wa Punjab jina hilo liko karibu kama jina la jirani. Filamu iliyolibeba ilitoka Februari 1979. Mwongozaji alikuwa Yunus Malik, mtayarishaji Sarwar Bhatti, na maneno yote yaliandikwa na Nasir Adeeb. Sultan Rahi alikuwa Maula, steringi. Mustafa Qureshi alikuwa Noori Natt, adui wake. Kisa chenyewe hakina mafumbo: ukoo wa Natt una nguvu, kijana wao mmoja, Maakha, anawaonea wanakijiji na hasa wasichana, na watu wanafunga milango yao na kunyamaza. Maula anasimama. Maakha anadhalilishwa. Dada yake, Daro, anaona fedheha ya kaka yake ni nzito kuliko kifo chake. Na Noori, mkubwa wa ukoo, yuko gerezani akitafuta jambo moja tu maishani, mtu wa kulingana naye kwa ubabe. Anaposikia yuko Mjatt mmoja, mtu wa jamii ya wakulima wa Punjab, mwenye gandasa, furaha inamjaa usoni kama ya mtu aliyepata barua kutoka nyumbani. Kuanzia hapo ni damu mpaka mwisho.

Nataka kuandika kuhusu damu hiyo kwa uzito wake, kwa sababu naona wengi wanaoandika kuhusu filamu za namna hii huchukua njia mbili: ama wanazicheka kwa kelele zake, ama wanazisifu kama ngumi safi na kuendelea na shughuli zao. Mimi nimekaa na watu ambao kisasi cha ukoo kwao ni jambo la mezani, linaloamua nani arudi nyumbani likizo na nani asirudi. Nimemwona mtu akimtumia mama yake fedha za kununua shamba jingine, mbali, kwa sababu lile la zamani linapakana na watu ambao hawawezi tena kusalimiana nao. Baada ya hapo huwezi kuiangalia filamu hii kama mchezo.

Turudi kwanza 1979. Pakistan ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Zia-ul-Haq tangu Julai 1977. Mwezi uleule wa Februari filamu ilipotoka, Zia alitangaza amri zake za Hudud, yaani adhabu za sheria ya Kiislamu. Tarehe 4 Aprili, waziri mkuu aliyempindua, Zulfikar Ali Bhutto, alinyongwa Rawalpindi. Magazeti yalikaguliwa, watu walichapwa viboko hadharani, na mtu hakujua ni neno gani litampeleka ndani. Katika hali hiyo, kwenye kumbi za Lahore, lilisimama jitu lenye lungi na nywele za kutimka, likawanyooshea kidole wakubwa na kuwaambia kwamba hawaogopi. Kwa sauti kubwa. Kwa Kipunjabi, lugha ya shambani na ya kiwandani, wakati Kiurdu ndicho kilichokuwa lugha ya ofisi na ya adabu.

Watu walijaa. Filamu ilikaa kwenye ukumbi mmoja wa Lahore kwa zaidi ya miaka miwili. Serikali ikaipiga marufuku kwa sababu ya ukatili wake, mtayarishaji akaenda Mahakama Kuu ya Lahore akapata zuio, filamu ikaendelea kuonyeshwa. Hebu fikiria mvutano huo: dola yenye mamlaka ya kumnyonga waziri mkuu inashindwa kuzima picha moja ya wanakijiji wanaokatana mashoka. Sidhani kwamba waliojaa pale walikwenda kuangalia viungo vya watu vinakatwa. Walikwenda kuona milango iliyofungwa ikifunguliwa na mtu mmoja asiye na cheo.

Sultan Rahi ana jambo ambalo huwezi kulieleza mpaka umsikie. Wapunjabi wana ukelele wanaouita barhak, sauti inayotoka tumboni, ya mtu anayeita ugomvi uje. Rahi aliifanya barhak kuwa muziki. Jambo linalonigusa ni kwamba Kipunjabi hakikuwa lugha yake ya kuzaliwa. Alizaliwa upande wa India, katika eneo la waongea Kiurdu. Na Mustafa Qureshi, Noori wake, ni Msindhi wa Hyderabad. Watu wawili wageni wa lugha ndio waliokipa Kipunjabi sauti zake mbili kubwa kwenye skrini. Rahi ananguruma. Qureshi ananong'ona. Noori Natt hapandishi sauti hata anapotishia kukutoa roho. Anakutazama kwa macho yaliyolegea, anakuuliza kwa upole kama wewe ni mgeni hapa, mrembo wangu, na wewe unayeangalia unajua kwamba anayeulizwa amekwisha. Swali hilo moja limekuwa msemo wa mitaani mpaka leo. Nimelisikia kwenye foleni ya mashine ya fedha, kijana akimuuliza mwenzake aliyekatiza mbele.

Rahi alicheza filamu zaidi ya 700. Katika sikukuu ya Idd mwaka 1981, filamu zake tano zilitoka siku moja. Nje ya kamera watu wa studio walimjua kama mtu wa ibada, msomaji wa Qur'ani mwenye sauti nzuri, mkarimu kwa wafanyakazi wadogo. Usiku wa tarehe 9 Januari 1996 alikuwa barabarani akirudi Lahore, gari likapata pancha karibu na Gujranwala, na hapo kando ya barabara akapigwa risasi akafa. Rafiki yangu alikuwa mtoto. Anakumbuka wanaume wa kijijini kwao wakilia waziwazi, watu ambao hakuwahi kuwaona wakilia hata msibani. Filamu nyingi za Rahi zilibaki nusunusu, na sinema ya Kipunjabi haikupata tena mtu wa kusimama mahali pake. Kumbi zikaanza kugeuzwa kuwa maduka na maegesho.

Kuhusu wimbi la filamu zilizofuata baada ya 1979 nitapita haraka. Fomula ilikuwa imepatikana, kila mtayarishaji akaikimbilia. Majina ya filamu yakawa majina ya biradari, yaani jamii za ukoo: Jatt huyu, Gujjar yule, Butt mwingine. Zipo nzuri chache. Nyingi zilibakiza kelele na kuacha sababu ya kelele, na zikaanza kumtukuza mbabe kwa ubabe wake tu, hata pale ambapo yeye mwenyewe ndiye anayefunga milango ya watu. Hilo sikulipenda na silipendi sasa.

Kisha ikaja ile mpya, The Legend of Maula Jatt. Bilal Lashari alianza kuipiga 2017, Fawad Khan akiwa Maula, Hamza Ali Abbasi akiwa Noori, Mahira Khan akiwa Mukkho, Humaima Malik akiwa Daro, na mtayarishaji ni mwanamke, Ammara Hikmat. Nasir Adeeb yuleyule wa 1979 aliandika tena maneno. Sarwar Bhatti, mwenye ile ya zamani, alikwenda mahakamani kudai haki zake, kesi ikavutana mpaka walipopatana mwanzoni mwa 2020, na walipopatana tu, korona ikafunga kumbi za dunia nzima. Fawad Khan, ambaye ana kisukari tangu ujana wake, alijilazimisha kunenepa ili apate mwili wa mpiganaji, mpaka akalazwa hospitali kwa matatizo ya figo; amelieleza mwenyewe na kusema si jambo la kuigwa. Tarehe 13 Oktoba 2022 filamu ikatoka. Ikawa ya kwanza ya Pakistan kuingiza zaidi ya dola milioni 10 duniani.

Niliiona Sharjah, wiki ileile, na rafiki yangu huyo na wenzake wa kambini. Ukumbi ulikuwa umejaa wanaume waliotoka kazini, wengine bado na vumbi la saruji kwenye viatu. Maandishi ya tafsiri ya Kiingereza yalikuwa chini ya skrini, na nadhani nilikuwa mmoja wa wachache walioyahitaji. Kando yangu alikaa mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina, na kwa muda mrefu hakusema kitu. Hamza Ali Abbasi alipotokea, amekaa, nywele zimemwangukia mabegani, akawa anafungua kinywa kwa lile swali la zamani, ukumbi mzima ukalisema kabla yake. Mzee naye akalisema, polepole, kwa sauti ya Mustafa Qureshi kabisa. Skrini ikafuata baada ya watu.

Maula wa 2022 ni yatima wa mauaji. Ukoo wa Natt uliwaua wazazi wake akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa na mama mwingine pamoja na Mooda, kaka wa kulea. Hakumbuki. Anapigana kwenye shimo la mieleka kwa fedha, anakunywa, na usiku anaota mambo asiyoyaelewa. Hii ni tofauti kubwa na ile ya zamani, na naiona ni nzuri kuliko watu wanavyoipa sifa. Maula wa Rahi alijua yeye ni nani tangu dakika ya kwanza. Maula wa Fawad Khan anateswa na deni asilojua nani anamdai. Anapoambiwa ukweli, uso wake unatulia, na ni utulivu wa kuogofya, kwa maana sasa ameshapata mahali pa kupeleka maumivu yake.

Mapigano yamepigwa kwa ustadi mkubwa. Kamera inajua uzito wa gandasa. Unaona mpiganaji anavyolazimika kuzungusha kiuno kizima kuirudisha. Hakuna bunduki hata moja, wala huambiwi ni mwaka gani. Sasa hapa ndipo ninapokuwa na ugomvi na Lashari, nikimheshimu. Ukikiondoa kijiji kwenye wakati, ukakifanya kiwe mahali pa hadithi za kale, damu yake inapendeza. Mashimo ya mieleka, mienge, ngome, vumbi la dhahabu. Unasahau kwamba kuna vijiji vyenye umeme na intaneti ambako jambo hilihili linaendelea.

Nilimuuliza rafiki yangu ugomvi wa kwao huanzaje. Nilitegemea aniambie heshima, wanawake, matusi. Akaniambia maji. Mashamba ya Punjab yanalishwa na mifereji, mingi ilichimbwa wakati wa Waingereza, na maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu wanayoiita warabandi. Kila mkulima ana saa zake ndani ya juma, kulingana na ukubwa wa shamba lake, na zamu haijali usiku wala mchana. Yako inaweza kuwa saa nane usiku wa Januari, baridi inapenya mifupani. Unachukua koleo na taa, unakwenda kuziba mdomo wa mfereji wa mwenzako na kufungua wako. Ukikuta jirani amechelewesha kuziba kwa robo saa, amekula maji yako, na hakuna hakimu aliye macho muda huo. Mko wawili gizani na makoleo mikononi. Yeye anasema magomvi mengi aliyoyajua yalizaliwa kwenye kingo za mifereji, kisha wazee wakayavika heshima na jina la ukoo, na baada ya kizazi kimoja hakuna anayetaja maji tena. Wanataja marehemu.

Halafu kuna sheria. Tangu 1990 Pakistan ina sheria ya kisasi na dia, ambayo inawapa warithi wa aliyeuawa nafasi ya kumsamehe muuaji au kupokea fidia. Sisi Waislamu tunaijua misingi yake, na ndani yake mna huruma: mlango umeachwa wazi kwa anayetaka kusamehe. Lakini pale ambapo ukoo mmoja una ardhi na bunduki na mwingine hauna, msamaha unaweza kuchukuliwa kwa nguvu. Wajane wanatembelewa usiku. Mashahidi wanahama. Na pale ambapo muuaji na mrithi ni watu wa nyumba moja, kaka amemuua dada na baba ndiye wa kusamehe, hesabu inaisha palepale sebuleni. Ilibidi Bunge la nchi hiyo libadilishe sheria Oktoba 2016, miezi michache baada ya kaka wa Qandeel Baloch, binti aliyejulikana sana mitandaoni, kumuua nyumbani kwao Multan, ili mauaji ya jina la heshima yasiishie kwenye msamaha wa familia tu.

Liko na jambo jingine, ambalo filamu za gandasa hazitaki kulitazama. Katika baadhi ya wilaya, Mianwali ikitajwa sana, ugomvi wa damu umewahi kumalizwa kwa kutoa wasichana. Desturi hiyo inaitwa vani. Wazee wanakaa, wanahesabu maiti, na upande uliozidi kuua unatoa binti zake, pengine watoto wadogo, waolewe kwenye nyumba ya adui. Sheria imelikataza na kuliwekea kifungo. Yeye, rafiki yangu, alimjua mwanamke wa aina hiyo alipokuwa mtoto. Alikuwa mke wa mtu wa mtaa wao, na watu walipomwita hawakutumia jina lake, walitumia jina la mtu ambaye mjomba wake alimuua. Hakuwahi kusimuliwa zaidi ya hapo na mimi sikumwomba aongeze.

Linganisha na wanawake wa kwenye skrini. Daro anamchochea kaka yake. Mukkho anabeba silaha na hamwogopi mtu. Mama anakabidhi gandasa. Ni wahusika wakali, na Humaima Malik ni moto mtupu kila anapoingia, siwapunguzii kitu. Lakini katika filamu hizi mwanamke ndiye anayewasha kisasi, na katika maisha mara nyingi ndiye anayekilipa. Kijijini yako masimango ya kweli, wanawake humwambia mwanaume aliyekaa kimya avae bangili kama wao, na masimango hayo yamewatoa wanaume wengi nyumbani wakiwa na silaha. Ila asubuhi inayofuata ni wanawake walewale wanaobaki na watoto na kesi.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Maula hakuzaliwa kwenye filamu. Alizaliwa kwenye hadithi fupi ya Kiurdu iitwayo "Gandasa", ya Ahmad Nadeem Qasmi. Qasmi alizaliwa 1916 katika kijiji cha Anga, wilaya ya Khushab, akafa Lahore 2006. Alikuwa mshairi, mhariri, na mtu aliyekijua kijiji cha Punjab kwa harufu yake. Hadithi hiyo ndiyo iliyotolewa filamu ya kwanza ya Maula mwaka 1975, Wehshi Jatt, iliyoongozwa na Hassan Askari, Rahi akiwa ndiye Maula. Mafanikio yake ndiyo yaliyomzaa Maula Jatt wa 1979, na huyo akamzaa wa 2022. Yaani barhak yote hii, mapipa yote haya ya damu, chanzo chake ni kurasa chache za mshairi mmoja.

Rafiki yangu alinisomea hadithi hiyo kutoka kwenye simu, Ijumaa moja baada ya sala, tumekaa kivulini mwa lori. Alisoma sentensi, akanitafsiria kwa mchanganyiko wetu wa Kiurdu na Kiarabu cha sokoni, akaendelea. Inaanza kwenye mieleka. Ngoma zinapigwa, watu wamejaa, Maula anajiandaa kupambana, na habari inaingia kwamba baba yake ameuawa. Kijana wa mieleka anaondoka pale akiwa mtu mwingine. Analipiza. Anaua, mahakama inamwachia, anaendelea kuwa tishio. Kisha Qasmi anaandika jambo ambalo hakuna filamu iliyolipata: Maula anakaa kwenye kichochoro cha kijiji, amelaza fimbo yake ndefu katikati ya njia, na hakuna anayethubutu kuivuka. Wapita njia wanarudi walikotoka. Hapigi mtu, hasemi kitu, amekaa tu. Hiyo ndiyo nguvu yake yote, na hapo unaona ilivyo tupu. Mtu mzima mwenye afya, kazi yake ni kulinda kijiti kilicholala chini.

Halafu anatokea Rajo, msichana asiyeogopa, na moyo wa Maula unakwenda kwake. Rajo ameshachumbiwa. Mchumba wake ni Gulla, mtoto wa yuleyule aliyemuua baba yake Maula, mmoja wa waliobaki katika hesabu yake. Kila kitu kimepangwa kwa ajili ya pigo la mwisho. Gulla anajitia mwenyewe mikononi mwa Maula, anamzaba kofi mbele ya watu, na kijiji kinashika pumzi. Maula haipigi gandasa. Anamwacha.

Mama yake anamjia juu. Mama aliyemlea kwa ajili ya siku hiyo, aliyehesabu wafu wake na kusubiri, anamkuta mwanawe ametulia. Anamtazama vizuri, anaona analia. Anashangaa: wewe, Maula, unalia? Na Maula anamuuliza kama hata kulia sasa amekatazwa.

Rafiki yangu alipofika hapo alizima simu akaiweka mfukoni. Alikaa kidogo, akasema kwao kulikuwa na mtu wa namna hiyo, aliyeacha. Ndugu zake walimsusa. Hakuna aliyemwoza binti. Alihamia Faisalabad, akafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, akazeeka, watoto wake wakasoma. Wala hakuna filamu juu yake.

Nimefikiria sana kwa nini watengenezaji walichukua jina, gandasa, mama, mieleka na adui kutoka kwa Qasmi, wakaacha chozi. Jibu la haraka ni biashara, na lina ukweli wake. Ukumbi uliojaa 1979 haukulipa tiketi umwone Maula akishusha mikono. Lakini nadhani ni zaidi. Chini ya Zia watu walihitaji mtu asiyeshusha mikono. Kumpa Maula kilio wakati ule kungekuwa kumwambia mwananchi akubali. Ile filamu ilikuwa na haki ya kupiga kelele. Nikiwa mkweli kwa ninachokiamini, sitaki hata fremu moja ya Rahi ibadilishwe.

Ya 2022 haina udhuru huo. Lashari alikuwa na fedha, muda, waigizaji bora wa nchi yake, na Maula ambaye tayari amemjenga kama mtu aliyevunjika ndani. Sitasema filamu inaishaje, kwa sababu nataka uione. Nasema tu kwamba saa mbili na nusu zinamwandaa Fawad Khan kulia, na ninachokumbuka zaidi nilipotoka ukumbini ni gandasa.

Watu wa nyumbani huniuliza kwa nini nahangaika na sinema ya Wapunjabi wakati yetu ina njaa. Kwanza, wako karibu nasi kuliko tunavyokumbuka; waliolaza mataruma ya reli kutoka Mombasa kwenda ziwani kati ya 1896 na 1901 wengi wao walitoka Punjab, na wajukuu zao tumesoma nao. Pili, mimi ni mtoto wa mabanda ya video. Nimekulia kwenye benchi la mbao nikiangalia filamu za kisasi za kila taifa, steringi akifiwa dakika ya kumi na kuua mpaka ya mwisho, na sisi watoto tukishangilia kila maiti kwa jina. Hakuna hata moja iliyonionyesha steringi anayeacha. Ningependa kuona hata moja.

Na hiyo moja iko tayari imeandikwa. Haihitaji ngome wala mienge. Inahitaji kijiji cha leo, mfereji wenye zamu za maji, kichochoro chenye vumbi, mama, msichana asiyeogopa, na kijana wa adui mwenye mkono wa kofi. Nasir Adeeb anawajua watu hawa tangu 1975. Fawad Khan ana uso wa kuibeba ile dakika ya mwisho bila neno. Lashari anajua kuipa gandasa uzito inapopanda. Naamini anaweza kutuonyesha uzito wake inapowekwa chini. Waitengeneze, waipeleke Lahore, London na Sharjah, na mimi nitakata tiketi mbili, yangu na ya rafiki yangu.